Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeomoka kwa sauti pekee

Wacha tuanzie Kinoo. Ni asubuhi, uko kwa mat, jam imeshika kutoka Kangemi na haisongi. Kando yako kuna dem amevaa hedifoni. Anaskiza ngoma yake mwenyewe, ile alirekodi jana usiku kwa keja, blanketi ikiwa imefungwa dirishani ndiyo kelele za Waiyaki Way zisiingie. Hana lebo. Hana meneja. Hajui msee yeyote kwa redio. Ana sauti, ana simu, na ana rent inakuja tarehe tano. Mtaani washamwambia atafute kazi ya maana, juu umri nao unasonga.

Kama huyo dem ni wewe, ama ni sistako, ama ni beshte yako, hii stori ni yenu. Leo tunarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, tunavuka bahari hadi Unguja, kwa mwanamke aliyeanza bila kitu. Hakuwa na shule, hakuwa na jina la kujivunia, hakuwa na godfather. Aliingia studio mara ya kwanza akiwa karibu miaka 50. Akatoka hapo akiwa staa wa kwanza wa santuri katika Afrika Mashariki yote.

Jina lake ni Siti binti Saad. Ukiimba kwa Kiswahili leo, iwe ni taarab, bongo, rap ama ile kitu unarekodi chini ya blanketi, basi unatembea kwa njia aliyofyeka yeye.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa karibu mwaka wa 1880, kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Lakini hakuitwa Siti. Wazazi wake walimpa jina Mtumwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Mtumwa binti Saad.

Hilo jina halikuokotwa hewani. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wa bara waliojikuta kisiwani kwa njia ya utumwa. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa inaendeshwa na karafuu, na karafuu ilikuwa inachumwa na watumwa. Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya Zanzibar mwaka wa 1890, na sheria ya kuondoa utumwa ikaja mwaka wa 1897, Siti akiwa kigori tayari. Na hata hiyo sheria usidhani ilifungua milango siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe akaombe uhuru wake, halafu bwana wake ndiye alipwe fidia. Soma hiyo tena polepole.

Kwa hivyo huyu mtoto alikua akijua mahali pake. Familia ilikuwa inalima na kufinyanga vyungu. Hakupelekwa shule. Kazi aliyopewa ni ile watoto wengi wa mahasla wanaijua: kubeba mzigo kichwani na kutafuta mteja. Vyungu vilifinyangwa nyumbani Fumba, naye akavipeleka kuviuza, hadi mjini, mwendo wa kilomita nyingi kwa mguu.

Sasa hapa ndipo stori inaanza kunoga. Ukiuza vitu kwa kutembea, silaha yako ni sauti. Muulize mama wa mboga anayepita asubuhi mtaani kwenu. Watu lazima wakuskie kabla hawajakuona. Inasimuliwa kwamba sauti ya Mtumwa ilikuwa inafika mbali sana, na watu walimjua kwa ile sauti kabla chungu chenyewe kuonekana. Hakuwa anaimba bado. Alikuwa anatafuta tu ganji ya chakula. Lakini ndiyo hiyo ilikuwa mazoezi yake ya kwanza, na wateja ndio walikuwa mashabiki wa kwanza.

Kushuka mjini

Mwaka wa 1911 akafanya uamuzi. Akaacha Fumba, akahamia mjini. Alikuwa na miaka kama 31. Kwa wakati huo, mwanamke wa umri huo alihesabiwa ashafika mahali alikuwa anaenda maishani. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Hakwenda kukaa Mji Mkongwe, kule kwenye majumba ya mawe na milango ya nakshi. Huko kulikuwa kwa masultani, matajiri wa Kiarabu, wafanyabiashara wa Kihindi na maofisa wa Kizungu. Yeye alikwenda ng'ambo ya pili ya hori, mtaa uliokuja kuitwa hivyo hivyo: Ng'ambo. Nyumba za udongo na makuti, watu waliotoka utumwani, vibarua, wapagazi, wavuvi, mama wauzaji. Kama unaishi Kinoo na unafanya kazi tao, unaielewa hiyo mpangilio bila kuchorewa. Mchana unavuka kwenda kuhudumia jiji, jioni unarudi upande wako.

Huko mjini akakutana na mwanamuziki anayeitwa Ali Muhsin. Huyu mzee aliskia ile sauti akajua ni dhahabu imefunikwa na mchanga. Akamchukua, akamfunza muziki na jinsi ya kuimba kwa mpangilio. Siti hakujua kusoma, kwa hivyo kila kitu aliweka kichwani. Mashairi, midundo, maneno ya Kiarabu, vyote vilikaa ndani bila karatasi.

Polepole akapata mbogi yake. Kulikuwa na Subeit bin Ambar, Mbaruk, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Weka haya majina akilini, juu hakuna staa anajijenga peke yake. Hawa wasee walikuwa wanamuziki na watunzi wakali, na wao pia si watoto wa ikulu. Walikuwa wa mtaa. Wakaungana na mwanamke wa Fumba, wakatengeneza sauti ambayo Zanzibar haikuwa imewahi kuskia.

Na jina? Watu waliomskia waliona Mtumwa haliendani tena na yule mtu mbele yao. Akaanza kuitwa Siti, neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye heshima. Fikiria huo mruko. Kutoka Mtumwa hadi Siti, kwa sababu ya koo.

Taarab ilikuwa ya nani?

Ili uelewe alichofanya, lazima ujue taarab ilikuwa wapi wakati huo. Ilikuwa ikulu. Sultan Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alipenda muziki wa Misri hadi akamtuma msee wake, Mohamed Ibrahim, aende Cairo akajifunze. Akarudi na ule ufundi, ukachezwa kwa wakubwa. Baadaye, mwaka wa 1905, kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, cha mabwana wa mjini. Kilikuwa cha wanaume. Na lugha ilikuwa Kiarabu.

Yaani taarab ilikuwa burudani ya sebuleni kwa wadosi. Watu wa Ng'ambo waliweza kuskia kwa mbali, kupitia ukuta, lakini maneno hayakuwahusu na wengi hawakuyaelewa.

Siti akaingia na vitu viwili vilivyovuruga hiyo meza. Kwanza, alikuwa mwanamke, akiimba mbele ya watu, hata kama alikuwa amejistiri kwa ushungi wake. Pili, aliimba kwa Kiswahili. Kiarabu alikiimba pia, alikiweza, na ndiyo maana wakubwa hawakuweza kumdharau kwamba hajui kazi. Lakini moyo wa kazi yake ulikuwa Kiswahili, kile cha sokoni, cha kisimani, cha barazani.

Unakumbuka Kalamashaka walipotoka Dandora miaka ya 90 na Tafsiri Hii, wakati rap ya Nairobi ilikuwa inajifanya imezaliwa Marekani? Unakumbuka ule mshtuko wa kuskia lugha yako mwenyewe ikitoka kwa spika, bila aibu? Basi wazia huo mshtuko mwaka wa 1920 na kitu, Unguja, kwa mtu ambaye baba yake alikuwa mtumwa.

Na hakufungwa na upande mmoja. Aliitwa kuimba kwa Sultan Khalifa bin Haroub na kwenye harusi za matajiri, akaenda, akalipwa. Halafu akarudi Ng'ambo. Jioni nyumbani kwake wanamuziki walikutana, majirani wakajaa, na mambo ya siku hiyo yakaanza kumwagwa. Nani ameshtakiwa, nani ameibiwa, nani amefukuzwa kwa nyumba, nani amepigwa na bwanake. Kutoka kwa hayo mazungumzo, ngoma zikazaliwa. Mmoja anatoa kisa, mwingine anatoa beti, Siti anatia sauti. Hiyo ilikuwa studio, hiyo ilikuwa redio, hiyo ilikuwa taarifa ya habari ya saa moja.

Hakuna lebo iliyompangia aimbe nini, na hakuwa chini ya klabu ya mabwana. Ikulu ilimlipa, lakini nyumba ya kutungia ilikuwa yake.

Ngoma ya Kijiti

Hapa sasa tulia, juu hii sehemu haina utani.

Kati ya nyimbo zake zote, ile inayokatwa moyo zaidi inaitwa Kijiti. Ni jina la mwanamume. Wimbo unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja. Wenyeji wakamtoa usiku kwenda kujibamba, kukawa na pombe, na Kijiti akiwa hapo. Usiku ule Kijiti akamnajisi na kumuua. Mwanamke alikuwa na mimba. Kijiti akatoroka, akavuka bahari hadi bara, na mkono wa sheria haukumfikia.

Nani alisimama kortini? Wanawake wawili waliojitokeza kutoa ushahidi. Korti ikawageukia wao. Ishu ikawa ni ile pombe, na nani alimtoa yule mgeni nyumbani. Muuaji yuko huru, mashahidi ndio wana hatia.

Siti na wenzake wakachukua kesi hiyo wakaitia kwenye taarab. Sasa wewe jiulize inataka roho ya aina gani. Hakukuwa na mitandao, hakukuwa na wakili wa haki za binadamu wa kumpigia. Kulikuwa na serikali ya mkoloni, korti za mkoloni, na mwanamke maskini asiyejua kusoma akisimulia hadharani vile hiyo korti ilikosea. Kila aliyeskia ule wimbo alijua ni nani, ni wapi, na hukumu ilikuwa gani. Gazeti la siku ile lilisomwa na wachache. Wimbo uliingia kila nyumba.

Na usifikirie ni stori ya zamani imeisha. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabara za katikati ya Nairobi wakipinga mauaji ya wanawake. Wengi wao walibeba majina. Na kule kwenye simu zetu, siku zile zile, si uliskia wasee wakiuliza huyo dem alienda kufanya nini kwa hiyo nyumba usiku? Hilo ni swali lile lile la ile korti ya Unguja. Siti alilijibu karibu miaka mia moja iliyopita, kwa kuimba jina la muuaji badala ya kumhoji aliyeuawa.

Hakuishia hapo. Mbogi yake iliimba makarani waliokula pesa za watu wasiojua kusoma. Iliimba wanaume wanaowapiga wake zao. Iliimba wakubwa wanaoanguka na wadogo wanaokanyagwa. Watu wa Ng'ambo walikuwa wanapitia mambo mazito miaka hiyo. Udongo waliojengea nyumba ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walitaka kodi ya ardhi, na kodi ikawa inapanda. Mwaka wa 1928 wakaazi wakagoma kulipa. Walikaza. Kwa hivyo ukiskia zile nyimbo, jua waliokuwa wanaskiza hawakuwa wamekaa kwa viti vya nyuzi za dhahabu. Walikuwa na lando wa kuogopa, kama wewe.

Meli ya Bombay

Mwaka ule ule wa 1928, kitu kikatokea.

Kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile ya picha ya mbwa akiskiza gramafoni, ilikuwa inauza sahani Afrika Mashariki. Lakini walichouza ni muziki wa kutoka nje: wa Kihindi, wa Kimisri, wa Kizungu. Wakaona kuna soko limelala. Wakaamua kujaribu sauti ya hapa. Na ukiuliza Zanzibar nzima ni nani anaimba, jibu lilikuwa moja.

Siti na wenzake wakapanda meli hadi Bombay, India. Huyu ni yule mtoto wa Fumba aliyekuwa anatembea na vyungu kichwani. Ana miaka kama 48. Amevuka Bahari ya Hindi, amesimama mbele ya mtambo wa kunasa sauti, na anaambiwa aimbe.

Na si rahisi vile unadhani. Taarab ya usiku inaweza kwenda mbali, beti juu ya beti, watu wakitunza na kuitikia. Santuri ya wakati huo ilibeba dakika kama tatu na kitu kila upande. Hakuna kukata na kuunganisha, hakuna kurekebisha sauti kwa kompyuta. Ukikosea, mnaanza upya wote. Kundi zima lilitakiwa lipime wimbo, lichague beti za kubaki na za kuacha, halafu lipige kwa mpigo mmoja. Wakafanya. Ndizo zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za kibiashara za muziki wa Kiswahili.

Zikafika sokoni, zikalipuka. Kampuni ikarudi kurekodi tena. Kufikia mwaka wa 1931, santuri zaidi ya 70,000 za mbogi hii zilikuwa zimenunuliwa. Zingatia kwamba gramafoni yenyewe ilikuwa mali ya mwenye nacho. Wengi hawakuwa nayo. Kwa hivyo kila sahani ilikuwa na maskio mengi nyuma yake. Mwenye mkahawa alinunua gramafoni, akaiweka mbele, watu wakajaa na kahawa zao kuskiza Siti. Msee anakunywa kikombe kimoja masaa mawili, mwenye mkahawa anajua kabisa kilichomleta.

Kampuni zingine kama Columbia na Odeon zikaona, nazo zikaingia kutafuta sauti za Afrika Mashariki. Zikaja na mitambo hadi huku kwetu. Kitu kilichoanza kama jaribio kikawa biashara. Na mlango ulifunguliwa na sauti ya mwanamke.

Kule nje, huo ulikuwa wakati wa wanawake wengine wakubwa. Misri ilikuwa na Umm Kulthum anayepanda. Marekani ilikuwa na Bessie Smith, binti wa familia maskini, akiimba shida za watu weusi kwa santuri tangu 1923. Siti hakuwakuta wala hawakumkuta, lakini wote walishika mtambo ule ule mpya wakaufanya useme mambo ya watu wao. Kwa hivyo ukimweka kwenye orodha, usimweke kwa orodha ya kijiji. Mweke na hao.

Bifu nazo hazikukosa

Ulidhani kudisiana kulianza juzi? Pole.

Siti alivyopanda, maneno yakaanza. Wapinzani walimrushia mistari. Walimcheka sura, wakasema si mrembo. Walimkumbusha alikotoka, kwamba ni mtu wa shamba, ni mtoto wa watumwa, alikuja mjini na nguo moja, na sasa anajiona mtu. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa kisu. Kwa jamii iliyopanga watu kwa ukoo, kumkumbusha mtu asili yake ilikuwa ni kumrudisha chini kwa nguvu.

Majibu yake yalikuwa ya darasa. Hakukana alikotoka, hakujitungia ukoo wa Kiarabu kama wengine walivyofanya miaka hiyo ili waheshimiwe. Alijibu kwa wimbo, kwa utulivu, akisisitiza kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si kitu mbele ya akili na tabia. Halafu akaendelea na shoo. Wale waliomchamba, majina yao nani anayakumbuka?

Ile mbegu ya kujibizana kwa taarab ikamea. Miaka iliyofuata vikundi vya wanawake vilichipuka Zanzibar, vingine vikijiita majina ya vita kabisa, Royal Navy na Royal Air Force, vikipigana vijembe kwa mashairi na kushindana kwa sare. Kabla Siti, mwanamke kusimama na kuimba hivyo hadharani ilikuwa kitu cha kushangaza. Baada yake, ilikuwa mashindano.

Jioni ya mwisho

Umri ukasonga. Santuri zikaendelea kuzunguka, lakini mwili ulichoka. Muda mfupi kabla ya kufa alikutana na Shaaban Robert, mwandishi na mshairi mkubwa kutoka Tanga, ambaye alimhoji na kuandika maisha yake. Kitabu kinaitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Kama ulisoma Kiswahili shule ya upili, jina la Shaaban Robert lilikutesa kwenye mtihani. Huyo gwiji ndiye aliamua kwamba mwanamke asiyejua kusoma anastahili kitabu kizima. Na kwa sababu yake, tunajua mengi ya hii stori.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na miaka kama 70. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Sultani na Mwingereza. Uhuru hakuuona. Mapinduzi hakuyaona.

Lakini sauti haikuzikwa. Kulikuwa na kasichana Unguja kalikokuwa kanaskiza Siti na kukariri nyimbo zake. Kasichana hako kalikua kakawa Bi Kidude, yule ajuza aliyezunguka dunia akiimba na kupiga ngoma, akapata tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005, na akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti hadi uzeeni. Ukimskia mmoja, umewaskia wote wawili.

Bara, wanahabari wanawake wa Tanzania walipoungana mwaka wa 1987 na kuunda chama chao, TAMWA, walianzisha jarida na kuliita Sauti ya Siti. Walijua wanachofanya. Mwanamke wa kwanza kupeleka kesi ya mwanamke mwenzake kwa watu wote hakuwa na kalamu. Alikuwa na koo.

Na pwani yetu ya Kenya, ukiskia taarab ya Kiswahili kutoka Mombasa, iwe ni Juma Bhalo, Zuhura Swaleh ama Malika, kumbuka kulikuwa na wakati hiyo lugha haikuruhusiwa kukaa kwa hicho kiti.

Sasa rudi kwa ile mat

Jam imefunguka kidogo, mmefika Westlands. Yule dem wa hedifoni bado ameshika simu, anajiuliza kama apost hiyo ngoma ama aifute.

Hii stori haisemi kila mtu akirekodi ataomoka. Wengi waliimba Ng'ambo na hawakufika Bombay. Siti alikuwa na kipaji ambacho hakipatikani kila siku, alikuwa na mwalimu mzuri, alikuwa na mbogi iliyoshikana, na bahati ya kampuni kutafuta sauti wakati ule ule alikuwa yuko tayari. Hayo yote ni kweli.

Lakini angalia kile alifanya kabla bahati haijabisha. Alianza kujifunza akiwa na miaka 31, watu wakidhani ashachelewa. Miaka 17 ikapita kati ya siku aliyohamia mjini na siku ya Bombay. Miaka 17 ya kuimba sebuleni, harusini na uani, bila sahani hata moja. Na katika hiyo miaka hakungoja aambiwe ni nini kinaruhusiwa. Aliimba kwa lugha ya watu wake, juu ya mambo ya watu wake, na kesi ilipoharibiwa kortini aliifungua tena mtaani.

Leo jioni ukifika home, kabla hujalala, tafuta Kijiti kwa simu. Utaskia ule mkwaruzo wa santuri ya zamani, kama mvua kwa mabati. Usikimbilie kuzima. Ngoja hadi sauti iingie. Huyo ni Mtumwa binti Saad wa Fumba, muuza vyungu, anamtaja muuaji kwa jina, na bado hajanyamaza.